Kizibao cha Kila Alhamisi

Kitu cha kwanza alichokutana nacho Claudia kilikuwa godoro. Lilikuwa limekunjwa, limefungwa kamba ya katani na kuegemezwa ukutani nje ya chumba cha tatu, na kando yake ilikuwapo ndoo yenye mwiko, pimamaji na nyundo. Claudia akasimama penye geti la Bi Swabaha, hapo Kabanga nyuma ya stendi, asijue aingie au arudi. Chumba kile kilikuwa cha Idefonsi. Na Idefonsi ndiye mwanaume aliyetarajiwa Kasulo keshokutwa Jumamosi, kwa wazazi wa Claudia, kujitambulisha rasmi. Pombe ya ndizi ya ugeni huo ilikuwa tayari inachachuka nyumbani.

"Ide?" aliita.

Idefonsi akatoka na begi mkononi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono mipana ya fundi mwashi, na kwa kawaida alipomwona Claudia alishindwa kuificha furaha yake hata mbele za watu. Siku hiyo alimtazama usoni mara moja tu. Kisha macho yake yakashuka kwenye kizibao cha kijani alichovaa yule binti, yakaganda hapo.

"Umefika," alisema. "Umekuja nacho na leo."

"Unahama? Unahama bila hata kuniambia?"

"Sihami, nafukuzwa. Basi la Biharamulo linaondoka saa tisa. Nitalala kwa dada."

Saa ya simu yake ilionyesha saa nane na nusu.

Sasa hicho kizibao lazima kielezwe, maana ndicho kilicholeta balaa lote. Kilikuwa cha kikundi cha Tushikane, kilichoanzishwa na shangazi yake Claudia, Mama Bonifasia. Kazi ya kikundi ilikuwa kuwatembelea watu waliougua akili, kuhakikisha wanameza dawa, kuwatafutia vyumba wale waliofukuzwa na ndugu zao, na kuwabembeleza wenye nyumba wasiwaogope. Wahudumu wake walivaa vizibao vya kijani vyenye jina la kikundi mgongoni, na Kabanga nzima ilivijua. Ukimwona mtu wa kijani amesimama mlangoni mwa fulani, huulizi, unajua kuna mgonjwa.

Miezi minane iliyopita Claudia alitoka kumwona mgonjwa mtaa wa pili, akapitia kwa Idefonsi kumsalimia, na kizibao chake kikiwa bado mwilini. Majirani wakamwambia, "Pole na kazi, dada." Basi! Akili yake ikafanya kazi haraka mno. Yeye ni binti wa katekista. Angeonekana mara mbili mlangoni kwa mwanaume asiyeoa, maneno yangefika Kasulo kabla yeye mwenyewe hajafika. Lakini akiwa na kizibao, nani angemuuliza? Tangu hapo kila Alhamisi akawa anakivaa hata siku ambazo hakuwa na mgonjwa wa kumwona. Alikaa barazani kwa mpenzi wake saa nzima, daftari magotini, wakiongea mambo yao kwa sauti ya chini, na akarudi kwao heshima yake ikiwa nzima. Alijiona mjanja kweli kweli, maskini.

"Nani anakufukuza? Kwa kosa gani?" alimuuliza.

Kabla Idefonsi hajajibu, mwenye nyumba akatokea mlango wa jikoni, akifunga ushungi wake vizuri. Bi Swabaha alikuwa mama wa makamo, mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda huku kutoka pwani. Yeye mwenyewe aliuza vitenge kwa wanawake wa ng'ambo ya mpaka, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani stendi nzima.

"Shikamoo, Bi Swabaha."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Hebu mwambie mgonjwa wako asinione mbaya."

"Mgonjwa wangu?"

"Mimi si mtu katili, wallahi. Lakini nina wapangaji wengine, na nina wajukuu wanaocheza hapa hapa uani. Mtu wa kijani akija mara moja nasema labda kapotea njia. Akija mara mbili nanyamaza. Miezi minane, mwanangu, kila Alhamisi hukosi! Huo si ugonjwa wa kikohozi."

Claudia alicheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeona jambo kubwa limegeuka dogo. Kumbe ni hilo tu!

"Jamani, Bi Swabaha, umekosea sana. Idefonsi ni mzima kabisa. Huyu si mmoja wao. Angekuwa kichaa, mimi ningekuwa nafanya naye nini?"

Aliyasema hayo akimgeukia Idefonsi, akitarajia wacheke pamoja. Idefonsi hakucheka. Alikuwa ameinamia godoro, akikaza fundo ambalo lilikuwa limekazwa tayari.

"Kama si mmoja wao," Bi Swabaha aliuliza taratibu, "wewe unafuata nini hapa kila Alhamisi?"

Mpangaji mmoja aliyekuwa akisugua masufuria bombani aliacha kusugua. Claudia akamgeukia Idefonsi.

"Ide, mwambie wewe. Mwambie huumwi."

Idefonsi alinyoosha mgongo. Akaingiza mkono mfuko wa begi, akatoa bahasha ya kaki, zile wanazotilia vidonge hospitalini, akaiweka juu ya godoro. Jina lake liliandikwa juu yake kwa kalamu ya bluu.

"Siwezi kumwambia hivyo," alisema. "Bi Swabaha hajakosea."

Bi Swabaha alishika kiuno, akatikisa kichwa. "Mimi nimeshampigia Mama Bonifasia aje amchukue mtu wake. Zungumzeni, nawaacha." Akarudi jikoni, ingawa mlango aliuacha wazi.

Claudia aliitazama ile bahasha. Alizijua dawa zile. Alizigawa kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi ile ile, kwa mama mmoja wa mtaa wa juu. Kila mwisho wa mwezi Idefonsi alikuwa akienda Biharamulo, na kila mara alisema anakwenda kumwona dada yake. Claudia alilia usiku mwingi kwa ajili ya safari hizo, akiamini kuna mwanamke mwingine. Leo angetamani awe ni mwanamke, maana na mwanamke mwenzake angejua namna ya kupambana.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka sita. Nilikuwa nachimba kisima na mdogo wangu, kikamwangukia. Nilimtoa mwenyewe. Baada ya mazishi nikaanza kumsikia akiniita, mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa nami. Nililala stendi ya Biharamulo miezi minne, Claudia. Kuna kikundi cha kule kama hiki chenu, wakanichukua, wakanipeleka hospitali, wakanitafutia chumba. Nikapona. Yaani nameza dawa, nafanya kazi, nalala usingizi. Kupona kwangu ndiko huko."

"Na mimi hukuniambia! Mimi, Ide! Ambaye kazi yangu ndiyo hii!"

"Ndiyo maana sikukuambia. Nilitaka nipate mtu mmoja anayenijua mimi kwanza, dawa azijue baadaye. Kila siku nilipanga kukueleza kesho."

"Na kizibao? Mbona hukuwahi kunikataza kuja nacho?"

"Ningekukataza kwa sababu ipi? Mtu mzima anaogopaje kizibao?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kila ukija nilikuwa natetemeka. Nilihama Biharamulo ili nikae mahali watu wananiita fundi tu. Wewe ukaja kunibandikia ugonjwa hapa mlangoni."

"Nilikuwa naficha mapenzi yetu!"

"Uliificha heshima yako. Ya kwangu uliianika."

Maneno yale yalimchoma Claudia, yakamchoma zaidi kwa sababu yalikuwa kweli. Alimsogelea, akataka kumshika mkono. Idefonsi akausogeza.

"Hata hilo ningelisamehe," alisema. "Hukujua. Kinachoniuma ni ulivyocheka. Asubuhi unakaa na wagonjwa, unawashika mikono, unawaambia ni watu kama wengine. Mchana unaniambia ungefanya nini na kichaa. Sasa hapa nimesimama. Unafanya nami nini?"

Machozi yalimjaa Claudia machoni, akayafuta haraka kwa kiganja, maana geti lilikuwa limegongwa na sauti aliyoijua tangu utotoni ilikuwa ikipiga hodi.

Mama Bonifasia aliingia amejaa vumbi la pikipiki, kizibao chake kikiwa kimefungwa vifungo vyote, daftari kubwa la kikundi kwapani. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake Claudia. Katika ukoo wao hakuna posa iliyokaliwa bila yeye, na Jumamosi ndiye aliyekuwa awapokee wageni. Alijua anakuja fundi fulani wa Biharamulo. Sura yake hakuwahi kuiona.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe uko hapa? Vizuri. Bi Swabaha kanipigia simu anasema nina mtu wangu hapa." Akamgeukia Idefonsi kwa uso mpole, uso ule ule ulioituliza mitaa mingi. "Ni wewe, mwanangu? Pole. Jina lako nani?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Idefonsi."

"Marahaba." Alilamba kidole, akafunua kurasa. Akafunua tena. "Idefonsi hayumo. Claudia, Alhamisi hizi umeandika hukuja mtaa huu. Ulikuwa unamwona nani?"

Bi Swabaha alikuwa amerudi mlangoni. Wapangaji wawili wengine walitoka vyumbani mwao, wakajifanya wanaanua nguo.

"Si lazima uogope," Mama Bonifasia alisema, sauti ikishuka. "Labda ulisahau kumwandika. Hilo linarekebishika. Kama ni mgonjwa wetu nitazungumza na Bi Swabaha hapa hapa. Nimeshazungumza na wenye nyumba wagumu kuliko yeye. Huyu kijana atalala kwenye chumba chake leo. Sema tu, ni mgonjwa wako?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa mpana namna hiyo. Neno moja tu, "ndiyo," na godoro lingerudi ndani, masikio yote ya uani yangerudi kwenye kazi zao, na baba yake asingesikia lolote. Lakini Jumamosi ingekuwa imekufa. Nani angempokea kama mchumba mtu ambaye Alhamisi aliandikwa daftarini kama mgonjwa wa binti yule yule? Claudia alimtazama Idefonsi amsaidie. Idefonsi alikuwa akitazama ndoo yake ya vifaa, taya zimekaza. Alikuwa anasubiri kusikia atakavyoitwa.

Claudia akapiga moyo konde.

"Si mgonjwa wangu, shangazi. Ni mchumba wangu. Ndiye mgeni wa Jumamosi."

Sufuria lilianguka bombani. Bi Swabaha akasema, "Lahaula!" na mkono ukaenda mdomoni.

"Kizibao nilikivaa ili watu wasiseme," Claudia aliendelea. "Kila Alhamisi nilikuja kumwona kwa sababu nampenda."

Mama Bonifasia alifunga daftari. Alifanya hivyo polepole sana.

"Huyu?"

"Huyu."

"Na mimi sitaki kuonekana nimejificha, mama," Idefonsi alisema. "Niliugua akili. Natumia dawa mwaka wa sita. Nazifuata Biharamulo."

Miaka tisa Mama Bonifasia alikuwa amewaambia watu wa wilaya nzima kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Aliwaambia kwenye misiba, kwenye mikutano ya kijiji, hata sokoni. Sasa alisimama katikati ya uani, midomo inamcheza, na ule upole wote ukawa unamtoka usoni.

"Claudia, njoo huku."

"Sema hapa tu, shangazi. Wameshasikia yote."

"Sawa, nitasema hapa. Watu wa nje ni kazi yangu. Wewe ni damu ya kaka yangu. Nimeona wake za wagonjwa, mimi. Nimewafunga majeraha. Nimelala nao vibarazani wakiogopa kuingia ndani. Unafikiri nitakaa Jumamosi kwenye mkeka nimpokee mtu akupeleke huko?"

"Umeona na waliotulia. Wewe mwenyewe ndiye unayetuambia wapo!"

"Wapo. Waoe kwingine."

Mama Bonifasia mwenyewe alishtuka kwa aliyoyasema. Akamgeukia Idefonsi, na kwa kweli macho yake yalikuwa na huruma.

"Mwanangu, chumba nitakutafutia. Hata leo. Hilo naliweza. Lakini binti, hapana. Jumamosi usije."

"Ahsante, mama," Idefonsi alijibu kwa adabu. "Chumba nitajitafutia."

Alitia bahasha ya dawa mfukoni, akavaa begi mgongoni, akabeba godoro begani na ndoo mkononi. Kutoka stendi honi ililia, na sauti ya konda ikapaa juu ya ukuta: "Biharamuro! Biharamuro ya mwisho hii!" Alipita mbele ya Claudia bila kusema kwaheri. Harufu ya saruji kavu ikabaki puani mwake.

"Claudia!" shangazi alimwita alipomwona anaelekea getini. "Ukitoka hapo nampigia baba yako sasa hivi."

Claudia alisimama. Akatoa simu yake mwenyewe.

"Usijisumbue, shangazi. Nampigia mimi."

Alitembea huku simu ikiita, akawapita wabadilisha fedha waliokaa kwenye viti vyao na wanawake wenye vifurushi vya kuvusha mpakani. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Niko shambani. Kuna nini, mbona unahema?"

"Baba, mgeni wa Jumamosi aliwahi kuugua akili. Sasa anameza dawa na anafanya kazi yake. Nimekuwa nakwenda kwake kila Alhamisi bila ninyi kujua. Hajanigusa, lakini nilikuwa nakwenda. Nampenda, baba. Nimeona uyasikie kutoka kwangu."

Aliwasikia ndege wa Kasulo upande wa pili, na pumzi ya baba yake.

"Kila Alhamisi," baba yake, mzee Fideli, alirudia.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikiwafundisha wenzako kanisani."

Simu ikakatika. Claudia aliitazama, akaiweka mfukoni. Alikuwa ameshafika penye basi. Idefonsi alikuwa amepandisha godoro juu ya keria, mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango.

"Ide, subiri."

Alisubiri, lakini mguu hakuushusha.

"Nimemweleza baba. Yote."

Uso wa Idefonsi ulibadilika. "Dawa pia?"

"Dawa pia."

"Amesemaje?"

"Amekata."

"Rudi nyumbani, Claudia. Muombe radhi. Bado hujaharibu kitu, utasema nilikudanganya, na ni kweli nilikudanganya."

"Kwanza nikuombe radhi wewe. Miaka mitatu nimewashika watu mikono, kumbe nilikuwa nawashika kwa mbali. Leo ndiyo nimejisikia nilivyo. Nisamehe nilivyocheka."

Konda akagonga bati. "Fundi, panda au shuka, tunaondoka!"

Idefonsi hakumgeukia. Alimtazama Claudia, na safari hii hakuyaficha macho yake, yakawa mekundu.

"Nikiugua tena?" aliuliza. "Maana inaweza kurudi. Nikiamka siku moja nikawa namsikia mdogo wangu. Nisikujue hata wewe. Shangazi yako hakusema uongo pale. Itakuwaje?"

Claudia alitaka kumwambia haitatokea. Wanawake wengi wangesema hivyo, na wengine wangeapa. Lakini alikuwa amechoka kusema maneno mazuri.

"Nitaogopa," alisema. "Nitaogopa sana, Ide. Nitalia, nitamwita dada yako, nitakupeleka hospitali. Sitakudanganya kwamba nitakuwa shujaa. Ila sitaondoka."

Basi lilianza kutetemeka. Abiria wa dirishani walikuwa wametoa vichwa nje, hawataki kukosa neno. Idefonsi alifumba macho, akayafumbua.

"Jumamosi tulisema saa ngapi?"

"Saa nne." Claudia akasogea mlangoni. "Lakini Ide, sijui kama baba atatupokea. Shangazi hatakaa."

"Nitakuja na dada yangu Kankindi. Yeye aliniona nikilala stendi, hawezi kuambiwa kitu akashtuka. Tutakuwa wawili tu, mbele ya ukoo wenu wote. Watatuuliza maswali mpaka jua lizame."

"Tutakuwa watatu," Claudia alisema. "Kwetu binti hukaa ndani mpaka aitwe. Mimi sitangoja kuitwa. Jumamosi nitakaa upande wa wageni."